Barua ya wazi: Jalada likienda juu, kesi isisimame chini

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka,
Na kwa wajumbe wa Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa salamu ya wenyeji wa hapa Dodoma: Mbukwenyi.

Mimi ni mfanyabiashara wa mazao katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Si mwanasheria. Ninayoyaandika humu nimejifunza kwa kukaa kwenye mabenchi ya mahakama kwa zaidi ya miaka miwili, kwa kuuliza kila aliyekuwa tayari kunijibu, na kwa kusoma sheria usiku baada ya kufunga ghala, nikisaidiwa na kijana wa jirani yangu aliyesomea fani hiyo. Naandika kuhusu jambo moja tu, nalo ni kile kinachotokea pale mtu anapokata rufani, au anapoomba marejeo, yaani anapoiomba mahakama ya juu iukague na kuurekebisha uamuzi wa mahakama ya chini, dhidi ya uamuzi mdogo uliotolewa katikati ya kesi ya jinai ambayo bado haijafika kwenye hukumu. Nimeamua kuwaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu jambo lenyewe limegawanyika baina yenu: sheria hutungwa kwa mapendekezo ya baadhi yenu, kanuni na majalada yako mikononi mwa wengine, na uamuzi wa kukata rufani kwa niaba ya Jamhuri uko kwa mwingine.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana, kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa mahabusu. Kesi ilisikilizwa katika mahakama mojawapo ya hakimu mkazi katika kanda hii, na nakiri kwamba ilianza vizuri, kwa kasi ambayo hatukuitarajia. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka walikwisha kutoa ushahidi. Shahidi wa tatu, askari aliyemhoji mpwa wangu, alipoomba maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yaliyoandikwa polisi baada ya kuonywa, yapokelewe kama kielelezo, wakili wetu alisimama akapinga. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda huo uwe umeongezwa kwa utaratibu uliowekwa, na wakili alidai kwamba maelezo yale yalichukuliwa siku iliyofuata. Hakimu alisikiliza pande zote mbili, akaahirisha, akarudi na uamuzi mdogo wa kurasa kadhaa, akayapokea maelezo.

Tulipotoka nje wakili alitwambia, "Hapa tunakwenda juu." Tulifurahi. Kwa sisi watu wa kawaida, rufaa ni neno la matumaini, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuuliza kama njia hiyo ilikuwapo. Dada yangu alikuwa ameweka magunia ya mahindi stoo akisubiri bei ipande kuanzia mwezi wa pili. Aliyauza kabla ya wakati wake, nami nikajazia palipopungua. Maombi ya marejeo yakafunguliwa Mahakama Kuu, jalada la kesi likaitwa, na kuanzia siku hiyo kesi ikasimama.

Kila baada ya siku 14 karandinga liliwashusha mahabusu, na mpwa wangu akiwa miongoni mwao, amevaa shati lilelile la kijani ambalo mama yake alimpelekea mwanzoni, likizidi kumpwaya mabegani. Alikuwa akisimama kizimbani kwa muda usiozidi dakika mbili, tarehe nyingine inapangwa, anarudishwa. Mimi nilikuwa nikienda kwa karani, mama mmoja mpole aliyekuwa na daftari kubwa la bluu lililokatika uti na kushikwa kwa gundi ya karatasi. Aliteremsha kidole kwenye safu ya namba za kesi hadi kwenye namba yetu, ambayo mbele yake palikuwa na alama ya penseli, kisha akainua macho akasema, "Mjomba, jalada bado liko juu." Alijifunza kuniita Mjomba kwa sababu ndivyo mpwa wangu alivyoniita kutoka kizimbani. Maneno hayo, kwamba jalada liko juu, niliyasikia mara nyingi kuliko maneno mengine yoyote katika kesi nzima.

Baada ya miezi minane maombi yetu yalisikilizwa, na usikilizwaji wenyewe haukufika dakika 20. Wakili wa Serikali aliinuka akasema kwamba uamuzi unaolalamikiwa haukumaliza shtaka, na kwamba sheria inakataza rufani na marejeo dhidi ya uamuzi wa aina hiyo. Mheshimiwa Jaji alimuuliza wakili wetu ana lipi la kusema. Hakuwa na la maana. Maombi yakatupwa. Ilipita miezi mingine miwili jalada likirudi chini, na lilipofika, hakimu aliyeanza kesi alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Hakimu mpya alimweleza mpwa wangu haki yake ya kuomba mashahidi waliotangulia waitwe upya, jambo ambalo nalo lilichukua muda wake. Na mzee mmoja, mlinzi wa ghala tuliyetegemea aje kuueleza upande wa utetezi kile alichokiona usiku ule, alikuwa amefariki tukiwa bado tunaambiwa jalada liko juu.

Kesi hiyo imekwisha, na siandiki kupinga hukumu yake. Naandika kwa ajili ya miezi ile kumi, ambayo haikumsaidia mshtakiwa, haikumsaidia aliyeibiwa, haikuisaidia Jamhuri, na wala haikuongeza neno lolote katika sheria ya nchi.

Nianze kwa kusema lile ambalo huenda hamkulitarajia kutoka kwa mtu aliyeumia: katazo lenyewe nalikubali. Bunge liliweka masharti hayo kwa Sheria Namba 25 ya mwaka 2002, iliyorekebisha sheria kadhaa kwa mpigo, zikiwamo ile inayosimamia mamlaka ya Mahakama ya Rufani, Sura ya 141, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba hakuna rufani wala maombi ya marejeo dhidi ya uamuzi au amri ya katikati ya kesi, isipokuwa kama uamuzi huo una athari ya kulimaliza kabisa shtaka la jinai au shauri la madai. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ina katazo la namna hiyohiyo kwa maombi ya marejeo yanayotoka mahakama za chini. Katika kuamua kama uamuzi fulani umemaliza shauri, Mahakama ya Rufani imekuwa ikitazama asili ya amri yenyewe, kipimo ambacho mizizi yake inafika kwenye shauri moja la Uingereza la mwaka 1903: je, amri hii, kama ilivyotolewa, imezifikisha mwisho haki za wahusika, au bado kuna kitu kimebaki cha kusikilizwa? Kikibaki kitu, subiri.

Sababu ya katazo hilo nimeiona kwa macho yangu. Kesi moja ya jinai inaweza kuwa na maamuzi madogo kumi au zaidi: kielelezo kipokelewe au kikataliwe, shahidi aitwe au asiitwe, hati ya mashtaka ibadilishwe au ibaki, kesi iahirishwe au iendelee, mshtakiwa ana kesi ya kujibu au hana. Kama kila uamuzi wa namna hiyo ungekuwa na safari yake ya kwenda Mahakama Kuu, na pengine kutoka hapo hadi Mahakama ya Rufani, hakuna kesi ambayo ingefika mwisho, na mwenye fedha angeinunua kila siku ya kuchelewa aliyoihitaji. Mahakama ya Juu ya Marekani ililisema jambo hilo mwaka 1940 katika shauri la Cobbledick, kwamba kuchochea ucheleweshaji ni kuua utekelezaji wa sheria ya jinai, na katika hilo sioni tofauti baina ya kwao na kwetu.

Tena katazo halimnyang'anyi mtu haki yake ya rufani, ambayo Katiba yetu imeilinda katika ibara ya 13(6)(a). Linaisogeza mbele tu. Pingamizi lililokataliwa na hakimu linabaki katika mwenendo wa kesi, limeandikwa, na siku mshtakiwa akitiwa hatiani anaweza kulifanya kuwa sababu ya rufani yake. Mahakama ya juu ikiona kwamba maelezo ya onyo yalipokelewa isivyo halali, itayafuta kwenye kumbukumbu na kuupima ushahidi uliobaki. Ukiwa hautoshi, mtu anaachiwa huru. Na hata pale inapofikiriwa kesi isikilizwe upya, tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966, msimamo umekuwa kwamba usikilizwaji upya hauamriwi ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kwa hiyo pingamizi la wakili wetu halikuwa limekufa siku ile. Lilikuwa hai ndani ya jalada, likisubiri zamu yake.

Hakuna aliyetwambia hivyo. Kama mtu yeyote angetwambia, dada yangu asingeuza mahindi yake.

Ombi langu la kwanza linatokana na hapo, nalo halihitaji fedha wala sheria mpya. Hakimu au jaji anapotoa hukumu ya mwisho humweleza mtu aliyetiwa hatiani kwamba ana haki ya kukata rufani na muda wake ni upi. Naomba anapotoa uamuzi mdogo unaomkataa mmoja wa wahusika, hasa mshtakiwa aliye mahabusu au asiye na wakili, aongeze sentensi mbili za Kiswahili, aziseme na kuziandika: kwamba uamuzi huu hauwezi kukatiwa rufani sasa, na kwamba pingamizi lako limeingia kwenye kumbukumbu na unaweza kulileta tena katika rufani baada ya hukumu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na hili ni mahali ambapo lugha hiyo ingemfikia mtu anayeihitaji kwa wakati anaouhitaji. Nyaraka za maombi yetu, kwa taarifa yenu, ziliandikwa kwa Kiingereza tupu. Mpwa wangu aliishia darasa la saba.

Ombi la pili ndilo zito zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Jalada lisipande peke yake. Sijaona sababu ya msingi ya kesi kusimama kwa kuwa karatasi zimesafiri. Mahakama imewekeza katika mfumo wa kielektroniki wa kusajili na kusimamia mashauri, na wananchi tunaelezwa kila mwaka katika Siku ya Sheria jinsi kazi inavyoondoka kwenye karatasi. Iwapo ni hivyo, basi Mahakama Kuu inapotaka kutazama uamuzi mdogo wa mahakama ya chini ipelekewe nakala, na jalada halisi libaki pale penye mashahidi, hakimu na mshtakiwa. Kesi iendelee kusikilizwa hadi jaji, kwa amri iliyoandikwa na yenye sababu, aagize isimame. Leo hali ni kinyume chake: kesi inasimama yenyewe bila mtu yeyote kuamua kwamba isimame. Nilimuuliza yule karani ni nani aliyetoa amri ya kuisimamisha kesi yetu. Alifikiri kidogo, akasema kwa unyoofu kabisa kwamba hakuna amri, ila jalada halipo.

Katika Mahakama ya Rufani ugumu ni mkubwa zaidi, kwa sababu kwa kanuni za mahakama hiyo za mwaka 2009 rufani ya jinai huanzishwa na taarifa ya rufani yenyewe, karatasi moja inayotakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 30, na msimamo uliozoeleka ni kwamba taarifa hiyo ikishawasilishwa, Mahakama Kuu inaondolewa mamlaka juu ya jambo hilo. Ni msimamo wenye mantiki pale rufani inaporuhusiwa na sheria, maana fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini pale ambapo sheria imekwisha kusema kwamba rufani ya namna hiyo haipo, inakuwaje karatasi ambayo sheria haiitambui iwe na nguvu ya kuisimamisha mahakama nzima?

Hili si la kufikirika. Tarehe 23 Novemba 2018 dhamana za wabunge wawili wa wakati huo, Mheshimiwa Freeman Mbowe na Mheshimiwa Esther Matiko, zilifutwa na Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, nao wakakata rufani Mahakama Kuu. Upande wa Jamhuri uliweka pingamizi la awali, pingamizi likatupwa, na Jamhuri ikakata rufani Mahakama ya Rufani dhidi ya kutupwa kwa pingamizi hilo. Rufani yao ya dhamana ikasimama. Mahakama ya Rufani iliitupa rufani ya Jamhuri tarehe 1 Machi 2019, na tarehe 7 Machi Mahakama Kuu ikawarejeshea dhamana. Siandiki kwa kuwa upande wa chama chochote, na msomaji wa chama chochote aweke jina la ndugu yake mahali pa majina hayo. Ninachokitazama ni kalenda. Kwa muda wa miezi mitatu swali lililokuwa mbele ya mahakama halikuwa kama watu wale wanastahili dhamana. Lilikuwa kama maombi yao yasikilizwe au yasisikilizwe, na wakati wote huo walikuwa gerezani. Kama watu wanaojulikana nchi nzima na wenye jopo la mawakili waliweza kukaa hivyo, kijana wa Kibaigwa anakaa vipi?

Kwa hiyo naomba kuwe na mchujo wa mapema. Rufani au maombi yoyote dhidi ya uamuzi wa katikati ya kesi ya jinai yapelekwe na Msajili mbele ya jaji ndani ya siku 14 tangu kufunguliwa, ili aangalie jambo moja tu, kama uamuzi unaolalamikiwa umelimaliza shtaka. Kama haukulimaliza, yatupwe hapohapo kwa amri fupi. Jaji wetu alihitaji dakika 20 kuliona hilo. Dakika hizo 20 zingeweza kupatikana wiki ya pili badala ya mwezi wa nane. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na foleni ya kusubiri kusikiliza jambo ambalo jibu lake limo ndani ya sheria tangu mwaka 2002 sidhani inaweza kuitwa sababu ya msingi.

Mkurugenzi wa Mashtaka, kwako nina ombi la pekee, nalo nimelitoa katika sheria ya Marekani kwa sababu nimeona linatufaa. Kule upande wa mashtaka unaruhusiwa kukata rufani kabla ya kesi kuanza iwapo jaji ameukataa ushahidi fulani, lakini mwendesha mashtaka anatakiwa kwanza aithibitishie mahakama kwa maandishi kwamba rufani hiyo haikatwi kwa lengo la kuchelewesha, na kwamba ushahidi uliokataliwa ni wa uzito katika kesi. Anapewa siku 30, na anatakiwa kuiendesha rufani yake kwa bidii. Hapa kwetu unaweza kuanza bila kusubiri Bunge, kwa waraka wako tu kwa mawakili wa Serikali: asiwepo wakili wa Serikali atakayewasilisha taarifa ya rufani katikati ya kesi bila saini ya afisa mwandamizi anayethibitisha mambo hayo mawili, na pale mshtakiwa anapokuwa mahabusu, athibitishe pia kwamba amelifikiria hilo. Chama cha Mawakili Tanganyika nacho kingeweza kuwataka wanachama wake wafanye vivyo hivyo kwa wateja wao. Wakili wetu hakuwa mtu mbaya. Alitaka kupigana. Lakini mteja anastahili kuambiwa kabla ya kulipa kwamba vita anayoilipia imekatazwa.

Na sasa nije kwenye lile ambalo naamini linahitaji Bunge, na ambalo naomba Tume ya Kurekebisha Sheria ilichukue kwa uzito wake. Nimesema nalikubali katazo, lakini lina mahali ambapo linakaza kupita kiasi. Makosa mengi ya katikati ya kesi yanatibika katika rufani ya mwisho. Machache hayatibiki, kwa sababu madhara yake ni kesi yenyewe. Mtu aliyekwisha kushtakiwa kwa kosa fulani akaachiwa huru, kisha akashtakiwa tena kwa kosa lilelile, haki yake ni kutosimamishwa kizimbani mara ya pili. Ukimwambia asubiri hukumu ndipo alalamike, umekwisha kumsimamisha. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiona hilo mwaka 1977 katika shauri la Abney, ikaruhusu rufani ya aina hiyo pekee isikilizwe kabla ya kesi. Nchini Afrika Kusini nako, tangu uamuzi wa mwaka 1959 katika shauri la Wahlhaus, mahakama za juu huingilia kesi isiyokwisha mara chache sana, pale ambapo bila kufanya hivyo dhuluma kubwa ingeweza kutokea. Vivyo hivyo kwa mamlaka: mahakama ikijiona ina mamlaka kumbe haina, mashahidi wataitwa, watasafiri kutoka Mpwapwa na Kondoa, miaka itapita, na mwisho wa yote mwenendo mzima utafutwa kama vile haukuwapo. Hapo kusubiri hukumu kunapoteza muda uleule ambao katazo lilikusudia kuuokoa.

Najua Mahakama Kuu ina mamlaka ya usimamizi juu ya mahakama za chini, na kwamba Jaji Mfawidhi anaweza mwenyewe kuita jalada akilikagua na kurekebisha kosa la wazi. Ni jambo jema. Lakini mlango huo hufunguliwa na jaji kwa hiari yake, na mtu asiyejua kuandika barua ya malalamiko hajui hata kwamba mlango upo. Napendekeza sheria iseme waziwazi kwamba mambo mawili, mamlaka ya mahakama na kushtakiwa mara mbili kwa kosa moja, yanaweza kupelekwa juu kabla ya hukumu, kwa ruhusa ya jaji, kwa nakala ya mwenendo, na kwa sharti kwamba yaamuliwe ndani ya siku 60. Dhamana ina njia yake ya rufani tayari, na inachohitaji ni muda wa mwisho wa kuamuliwa. Muda huo nisingependa uzidi siku 14, kwa kuwa rufani ya dhamana inayochukua miezi mitatu imekwisha kushindwa hata kama mwombaji ameshinda.

Nimesikia hoja kwamba kuongeza mlango wowote, hata mwembamba, ni kuwakaribisha wenye hila. Nimeitafakari, na nadhani inasahau kwamba wenye hila wanapita leo bila mlango. Wanachohitaji ni jalada liitwe, basi. Wakishindwa miezi kumi baadaye hawakupoteza kitu, kwa sababu ushindi wao ulikuwa ile miezi kumi. Mlango mwembamba wenye saa ukutani ni mgumu kuutumia vibaya kuliko ukuta ambao mtu anaweza kuuegemea apendavyo, na wakati wote huo kesi imesimama.

Waheshimiwa, sikutaja jina la mahakama, la wakili, la hakimu wala la karani, na naomba wasitafutwe. Wote walifanya kazi kwa utaratibu waliokuta. Namba ya kesi nitaitoa kwa ofisi yoyote kati yenu itakayonihitaji kwa ajili ya kupima niliyoyasema, pamoja na tarehe zote 21 ambazo mpwa wangu aliletwa kizimbani kesi ikiwa imesimama, nilizoziandika moja moja nyuma ya daftari langu la mauzo ya mahindi.

Nakala ya barua hii nitaipeleka kwa mikono yangu katika masjala za ofisi zenu nne hapa Dodoma, siku ya Jumatatu, nikija mjini na gari la kwanza la asubuhi kutoka Kibaigwa. Nitaomba mhuri wa kupokelewa kwenye kila nakala.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyabiashara wa mazao,
Kibaigwa, Kongwa.